Sanduku la bati la marehemu baba: Spear, Sani na deni la sumni

BINTI NGAMIANI

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za jioni.

Marehemu baba alikuwa karani wa mizigo stesheni ya reli hapa Tanga. Alitutoka mwezi wa Rajabu, na baada ya arobaini ndipo tulipothubutu kulivuta sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake tangu sisi tukiwa wadogo. Siku zote tuliambiwa humo mna karatasi za kazi, asiguse mtu. Tukalifungua. Hamna hata risiti moja ya reli. Magazeti ya picha matupu.

Nimekaa nayo sakafuni siku mbili nikayahesabu. African Film, yale ya mpelelezi Lance Spearman ambayo watu wanayaita Spear tu, yako 58. Boom sita. Film Tanzania tisa. Sani, yale ya vibonzo vya hapa kwetu, 112. Mchanganyiko 30, humo mna Joe chache za Kenya na kitabu kimoja cha vibonzo cha Kimarekani kisicho na jalada. Jumla 215.

Mama alitangulia, tumebaki watatu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hesabu kwake ni nyepesi kuliko salamu, alisema hapohapo: mirathi mafungu matano, wao mawili mawili, mimi moja, basi 86, 86 na 43. Akaanza kuyapanga kama anagawa nazi. Kaka mkubwa yeye anaona aibu. Anasema mzee wa safu ya kwanza msikitini, kumbe chini ya kitanda anafuga picha za watu wanaopigana ngumi.

Wiki iliyopita akaja bwana mmoja kutoka Dar, sijui nani kamtonya. Akayapekua dakika kama ishirini, akasema atatoa laki tatu kwa Spear zote 58, taslimu, siku hiyohiyo. Sani hazitaki, eti tufungie maandazi. Halafu akaanza kulalamika: haya yameandikwaandikwa, haya yana madoa, yangekuwa safi angeongeza.

Na kweli yameandikwa. Baba alikuwa akiyakodisha kwa sumni, senti hamsini. Nyuma ya karibu kila gazeti kuna orodha kwa biki ya buluu, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto: Makanika Mrefu, kalipa. Bi Mihogo, kalipa. Mlinzi wa bohari, bado. Fundi Cherehani wa Barabara ya 12, bado, bado, bado. Na ndani ya Spear, kwa vile ni za Kiingereza, kaandika Kiswahili pembeni kwa penseli. Shangazi ananiambia treni ikichelewa baba alikuwa akipanda juu ya marobota ya katani anawasomea wapagazi, yule anayejua kusoma na asiyejua wote sawa. Kuna mahali Spear anamwambia jambazi maneno marefu, mistari minne mizima. Baba pembeni kaandika: "Leo utanitambua."

Sasa naomba msaada kwa wanaojua mambo haya. Laki tatu ni haki au tunaibiwa? Nifute penseli kwa kifutio ili bei ipande? Kijana wa duka la fotokopi ameniambia tuyapige lamineti yote yasiharibike, je ni sawa? Na zile habari za kibonzo kimoja kuuzwa mabilioni huko Marekani, ni kweli au ni za kuchangamsha watu?

CHOGO MZURI

Dada, laki tatu kwa magazeti ya zamani na bado unauliza? Mkamate huyo bwana mkono usiuachie. Mimi yangu mama aliwashia mkaa.

MPARE WA MINNESOTA

Dada, pole kwa msiba. Weka kifutio chini kwanza. Kiweke chini kabisa, kisha tuzungumze.

Mimi niko Minneapolis mwaka wa kumi na tisa, nafanya zamu ya usiku ghalani, na nina maboksi kumi na moja ya vibonzo vya Kimarekani. Mke wangu anawaita wake wenza. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeungua, tena kwa hela yake mwenyewe.

Habari za mabilioni ni za kweli. Novemba 2025 Superman namba 1, cha mwaka 1939, kiliuzwa mnadani Texas kwa dola milioni 9.12. Na sikiliza kilivyopatikana, maana utadhani ni nyumbani kwenu. Ndugu watatu, kaskazini mwa California, mama yao kafariki, wanasafisha darini. Wakakuta boksi la karatasi, juu magazeti makuukuu, chini vibonzo. Mama alikuwa akiwaambia miaka yote kwamba ana vibonzo vya thamani, wao wakidhani ni maneno ya mama. Kabla ya hapo, Aprili 2024, Action Comics namba 1 kilifika milioni sita. Hicho ndicho Superman alichotokea mara ya kwanza, mwaka 1938, na dukani kiliuzwa senti kumi.

Ila usikimbilie benki. Jiulize kwa nini vile vikawa ghali. Ni kwa sababu hakuna aliyevitunza. Vilikuwa vya watoto, vinasomwa vinakunjwa vinatupwa. Vita vya pili vikaja, serikali ikahimiza watu wakusanye karatasi chakavu zikatengenezwe upya, watoto wenyewe wakabeba vibonzo vyao kwa mikokoteni. Kilichobaki ni kile kilichosahauliwa mahali.

Sasa nikuoneshe upande wa pili, ndipo nilipoungua mimi. Mwishoni mwa 1992 wachapishaji wake walimuua Superman kwenye namba 75. Wakakitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliozibwa, na Marekani nzima ikapanga foleni kununua. Mtu ananunua vitano, kimoja asome, vinne visomeshe watoto chuo. Zikauzwa nakala mamilioni, na mamilioni hayo yote yakatunzwa vizuri, mifuko haijafunguliwa. Mwaka 2009 mwenzangu kazini aliniuzia ishirini, dola kumi kila kimoja. Alikuwa na uso wa huruma kabisa, alisema anafanya hivyo kwa sababu mimi ni mgeni anataka nianze maisha. Nimekuja kuuza vitatu tu, kwa bei ileile, posta juu yangu. Kumi na saba bado ninavyo. Ukitaka kimoja nitakupa bure, lipia stempu. Soko lote lile la miaka ya 1990 liliporomoka kiasi kwamba Desemba 1996 Marvel wenyewe, kampuni kubwa ya vibonzo, walikimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Huku kitu kinaitwa CGC, kampuni ya Florida, ilianza mwaka 2000. Unawapelekea kibonzo, wanakikagua, wanakipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanakifungia ndani ya kasha la plastiki gumu. Hukisomi tena. Toka hapo ni kama hisa ya kampuni, watu wanauziana namba. Na kuna kitabu cha bei, Overstreet, kinatoka tangu 1970, mnunuzi na muuzaji wote wanakifungua ndipo wabishane. Spear na Sani hazina CGC wala Overstreet. Bei yake ni yule mtu aliyesimama mlangoni kwako siku hiyo, na mlangoni kwako mpaka sasa amesimama mmoja tu. Hapo ndipo anapokushikia.

Laki tatu gawanya kwa 58, unapata elfu tano na kidogo kwa gazeti. Chipsi kuku. Na mtu hasafiri kutoka Dar hadi Tanga kufuata chipsi kuku. Spear ilisomwa Lagos, Accra, Nairobi, Dar, na waliokuwa wavulana enzi hizo leo ni wazee wenye pensheni, wengine wako Ulaya na huku. Vyuo vikuu navyo vinanunua. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ina moja ya mikusanyo mikubwa ya vibonzo duniani, na hawakusanyi vya Kimarekani peke yake.

Sasa turudi kwenye mwandiko wa mzee. Kwa kanuni za kutoa alama, maandishi kwenye jalada ni uchafu, yanashusha. Huyo bwana hakukudanganya. Lakini huku kuna mkusanyiko maarufu unaitwa Larson. Mtoto wa mji mdogo Nebraska, mwishoni mwa miaka ya 1930, dukani walikuwa wakimwekea vibonzo vyake kando, na ili asichukue mwingine wanamwandikia jina kwa penseli juu ya jalada. Leo mkusanyaji akiiona penseli ile moyo unamwenda mbio na bei inapanda, kwa sababu inamwambia kitabu hiki kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, kilipita njia gani. Uchafu umegeuka kuwa cheti cha kuzaliwa.

Ya baba yako yana zaidi ya jina. Yana kituo cha reli kizima. Yana nani alisoma nini, nani alikuwa mgumu kulipa, na Kiingereza kiligeuzwaje kuwa Kiswahili juu ya marobota ya katani. Gazeti moja la Spear bila hayo ni gazeti moja la Spear. Magazeti 215 yenye hayo ni kitu ambacho sijui mwingine anacho wapi. Ukiyagawa 86, 86, 43, umechana daftari moja vipande vitatu. Ukimuuzia yule bwana 58 za juujuu, umemuuzia nyama umebaki na mifupa ya kugombania.

Uza sanduku zima au usiuze hata moja. Huo ndio msimamo wangu na sina mwingine.

KITABU CHAKAVU

Nimemaliza kusoma maneno ya Mpare, mengi nakubali, ila kuna desturi moja ya wakusanyaji wa huko kwao nitabishana naye huko chini.

Nimeuza vitabu vya mitumba barabarani Dar miaka 26, sasa nina kibanda. Sani zimepita mikononi mwangu nyingi sana, na nyingi zaidi nimeziona zikifungiwa karanga. Hilo ndilo lililozimaliza, siyo vita. Jina lenyewe watu wanalitamka bila kujua: Sa ni Saidi Bawji, Ni ni Nico Ye Mbajo. Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Madenge, Pimbi, humo ndimo walimozaliwa au kulelewa. Philip Ndunguru, mmoja wa waliochora sura hizo, alifariki bado kijana, na nakala zenye mkono wake mimi siziachi nikizikuta. Kwa hiyo huyo aliyekwambia ufungie maandazi ama hajui, ama anajua sana.

Na dada, umezitaja Film Tanzania tisa kama vile unataja bamia. Hizo ni za Faraji Katalambulla, yuleyule aliyeandika Simu ya Kifo mwaka 1965. Aliona vijana wanavyogombania Spear akasema na sisi tuwe na yetu, kwa Kiswahili, watu wetu, mitaa yetu. Spear ilichapwa kwa nchi nyingi. Hiyo ilichapwa kwa ajili yetu tu. Miaka yote 26 nimeshika mbili. Sikuzinunua kuuza, niliziuza kwa sababu ya ada ya shule, na bado naziota. Jiulize kwa nini mgeni wako hakuzitaja kabisa. Mimi nadhani aliziona, na alitaka umpe kama nyongeza.

Lamineti: hapana. Hapana kwa herufi kubwa. Ni joto na gundi, ikishashika haitoki tena, na karatasi ya gazeti ni mbao iliyosagwa, ina asidi yake inayoila kutoka ndani. Ukiizibia humo unaipikia ndani ya sufuria yake. Solotepu pia hapana, hata kwenye mpasuko mdogo. Baada ya miaka michache inageuka kahawia na kuacha alama ya mafuta isiyofutika.

Yatoe kwenye lile sanduku la bati. Bati linatoa jasho. Usiku likipoa unyevu unakaa kwa ndani, na upepo wa Tanga una chumvi. Tafuta maboksi magumu makavu, yalaze magazeti, usiyasimamishe, na usirundike mengi mpaka ya chini yakavunjika mgongo. Yainue kutoka sakafuni, na yasiguse ukuta wa upande wa mvua. Juani usiyaweke. Watu wana tabia ya kuanika vitabu vyenye ukungu juani kama kanzu. Yaanike kivulini penye upepo, siku isiyo na mvua, na ukungu ukishakauka upanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, si sebuleni. Nafutalini usiziweke zikigusa karatasi.

Kama kuna mende au vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, kuna dawa isiyo na sumu. Yatie magazeti machache machache kwenye mfuko wa plastiki, ziba vizuri, weka kwenye friza kwa wiki mbili. Siku ya kuyatoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe kabisa, la sivyo yatalowa kwa umande. Najua umeme wetu. Ukikatika siku nzima, anza kuhesabu upya.

Kisha piga picha kila jalada mbele na nyuma, na kila ukurasa wenye penseli. Simu inatosha, barazani, asubuhi. Ukiwa na picha hizo hata ndugu zako wakifanya watakalofanya, maneno ya baba yapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maktaba ina sehemu ya East Africana inayotunza machapisho ya zamani ya huku kwetu. Nenda nao ukazungumze, hata kama hutaki kutoa chochote.

Sasa Mpare. Nyinyi huko hamgusi pini zinazoshika kurasa kwa sababu kampuni ya Florida itawapunguzia alama. Sisi Tanga pini ya chuma ina kutu, kutu inatafuna karatasi, mwaka kesho gazeti linakatika katikati. Mimi nasema ziondolewe.

MZEE WA KIBOKONI

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Umenirudisha mbali sana usiku huu.

Sisi Mombasa tukibadilishana Spear nje ya sinema, Naaz na Regal, kabla ya filamu kuanza. Kofia yake ile, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni, ndevu kidevuni zimechongwa. Gari lake Stingray. Msaidizi wake Sonia, na kile kitoto Lemmy ambacho kikitekwa wiki hii lazima ungoje wiki ijayo ujue kama kimepona. Ndugu yangu mkubwa alinunua kofia kwa mshahara wake wa kwanza bandarini, mama akamuuliza unakwenda kuzika nani.

Nawaambia vijana jambo moja. Aliyekuwa akipigwa picha kama Spear alikuwa Mwafrika wa Afrika Kusini, Jore Mkwanazi. Gazetini anaendesha gari la fahari, anawatia adabu majambazi, anakunywa penye heshima. Picha ikishapigwa, kwao siku hizo mtu mweusi hatembei mjini bila pasi ya serikali. Sisi hatukujua. Tuliona mtu mweusi ambaye hakuna anayemwambia simama hapo.

Zangu zilikuwa arubaini na ushei. Nilizitoa kwa sadaka ya karatasi ya skuli mwaka ule nilipooa, nikaona nimekuwa mtu mzima. Tajiri wa Dar akirudi, mwambie kuna mzee Mombasa anatoa zaidi ya laki tatu. Sina, lakini mwambie.

CHOGO MZURI

Mzee umeniua. Dada, nafuta maneno yangu ya juu, ila mkaa wa mama ulikuwa mzuri kweli.

BINTI NGAMIANI

Ahsanteni sana, nimesoma kila mstari, mara mbili.

Nimefanya haya. Kifutio nimempa mtoto wa jirani. Kijana wa fotokopi nimemwambia hapana, kanuna kidogo. Friza ninayo kwa sababu nauza barafu za ubuyu, kwa hiyo Spear kumi za kwanza zimelala chini ya ubuyu tangu Jumatatu, na wateja wananiuliza mbona bidhaa imepungua. Umeme umekatika mara moja kwa muda wa saa tatu, nimeamua hiyo haihesabiki. Kitabu Chakavu usinigombeze.

Wale ndugu wa California hali yao ya hewa nadhani siyo hii yetu. Sani kama thelathini hivi zina ukungu, na mbili zimeshikana kabisa, nimeziacha kama zilivyo.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya gazeti alilotandika, nimekuta bahasha ya mshahara. Ndani kuna vipande vya kibonzo cha Chakubanga alivyokuwa akivikata kwenye gazeti la Uhuru, vile alivyochora Christian Gregory. Vimepangwa, kila kimoja kina tarehe nyuma. Sikuvitia kwenye hesabu ya 215. Mdogo wangu hajui, na namwomba Mungu asiwe anasoma hapa.

Yule bwana amepiga simu juzi. Nilimwambia tutauza lote au hatuuzi, na nikamuuliza Film Tanzania atatoa ngapi. Akanyamaza hivi, kama mtu aliyemeza fupa. Akasema laki sita kwa lote. Nikamwambia tuna mtu Mombasa. Akasema atanipigia. Mzee wa Kibokoni, shikamoo, umenifaa.

Jumapili nikawaketisha ndugu zangu. Sikuwahubiria. Nilichukua Spear moja nikawasomea penseli tu, bila Kiingereza, kwa sauti, kama Shangazi alivyonionyesha baba alivyokuwa akifanya, na ile ya "Leo utanitambua" nikaisema kwa kukunja uso. Kaka mkubwa, yule wa aibu, akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe alikuwa akipelekwa stesheni kumpa baba chakula cha jioni na anawakumbuka wapagazi wanavyopiga makofi. Alidhani baba alikuwa anasoma barua. Ameomba abaki na gazeti moja tu kwa usiku ule. Nilimwandika nyuma, chini ya Mlinzi wa bohari. Hajarudisha mpaka leo, na sumni hajatoa.

Mdogo wangu amekubali tusubiri mpaka Mfungo Sita ndipo tuzungumze tena. Yeye bado anataka pesa na simlaumu, ana watoto wanne. Nimemwambia tukiuza lote kwa mahali panapoeleweka fungu lake liko palepale, mawili kwa moja, shilingi zinagawanyika bila kuchanika.

Sasa pini. Kitabu Chakavu anasema ziondolewe, wa huko kwa Mpare hawazigusi, mmenichanganya. Nimetoa moja kwenye Sani kwa ncha ya kisu cha matunda, imenichoma kidole na imeacha tundu lenye kutu mviringo. Niendelee au niache?

MPARE WA MINNESOTA

Acha Spear na Film Tanzania kama zilivyo. Mnunuzi wa huku ataangalia kama pini ni zilezile za kiwandani. Zenye kutu zitunze pakavu, kutu isiyo na unyevu haitembei haraka.

Laki sita kwa simu moja. Umeona chipsi kuku zilivyopanda?

KITABU CHAKAVU

Kwenye Sani zenye kutu nyingi toa, lakini si kwa kisu cha matunda, dada yangu! Geuza gazeti, fungua katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kitu chembamba kisicho na makali mpaka isimame wima, kisha vuta kutoka upande wa mgongo. Tia kipande cha karatasi ngumu chini usitoboe ukurasa. Usirudishie pini nyingine, yafunge kwa uzi mweupe wa pamba, legevu.

Na zile mbili zilizoshikana usizivute. Niambie ni matoleo namba ngapi.